Fanya juu, fanya chini, majani au ngoro: kuchagua kinga ya udongo kwa shamba la mteremko

Udongo wa unene wa milimita moja ukiondoka shambani huwezi kuuona kwa macho. Upigie hesabu kwenye hekta nzima: ni mita za ujazo 10, karibu tani 13, tena ni ule wa juu kabisa, wenye mboji na mbolea uliyoinunua kwa pesa yako. Kwenye mteremko mkali, mvua chache nzito za mwanzo wa masika, shamba likiwa limelimwa na mbegu bado hazijaota, zinaweza kuuchukua wote.

Wanaolima milimani hawahitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Wanachouliza ni kingine: nichimbe mitaro au nipande majani? Na nikichimba, udongo niurushe upande gani? Bwana shamba mmoja atakwambia fanya juu, yaani udongo uurushe juu ya mtaro, wa kata ya pili atakwambia majani, na mzee wa Mbinga atawacheka wote wawili aendelee na ngoro zake, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta pande nne. Kila mmoja yuko sahihi, ila kwa shamba lake. Hapa nazipanga njia hizi ubavu kwa ubavu ili uone ipi inalingana na mteremko wako, mvua yako, mifugo ya kijiji chako na nguvu uliyonayo nyumbani.

Kabla ya yote, pima

Macho hudanganya, hasa mlimani. Chukua kamba ya mita 10 na fimbo mbili ndefu. Mmoja asimame juu ameshika ncha ya kamba usawa wa ardhi, mwingine ashuke mpaka kamba ikaze, kisha apandishe ncha yake kwenye fimbo hadi kamba ilale sawa. Usawa mtaupata kwa pimamaji dogo la kuning'inizwa katikati ya kamba, au mpira wa maji kama ule wa mafundi ujenzi. Sasa pima kutoka ardhini hadi kamba ilipoishia kwenye fimbo ya chini. Sentimita 60 maana yake mteremko ni asilimia 6. Sentimita 150, asilimia 15. Rudia sehemu kadhaa, kwa sababu shamba lenye mteremko mmoja kutoka juu hadi chini ni nadra.

Umbali kati ya kinga na kinga una kanuni ambayo watu wa hifadhi ya udongo Kenya wameitumia miaka mingi: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni mita ambazo ardhi inashuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Nimekufanyia hesabu:

| Mteremko | Ardhi inashuka | Umbali wa kutembea |
|---|---|---|
| 5% | mita 0.98 | kama mita 19.5 |
| 10% | mita 1.35 | mita 13.5 |
| 15% | mita 1.73 | mita 11.5 |
| 20% | mita 2.10 | mita 10.5 |
| 30% | mita 2.85 | mita 9.5 |

Iangalie safu ya katikati kuliko ya mwisho. Kwenye asilimia 30 ardhi inashuka karibu mita tatu kati ya mstari na mstari. Ukitaka kipande hicho kije kuwa ngazi iliyolala sawa, ukingo wake utakuwa mrefu kuliko mtu. Ukingo wa udongo mtupu wa urefu huo utaporomoka mvua ikizidi. Ndiyo maana mteremko unaamua mambo mengi kabla hata hujafikiria mbegu ya majani.

Fanya juu

Unachimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 60 kufuata usawa wa kilima, na udongo wote unautupa upande wa juu uwe tuta. Kati ya mtaro na tuta unaacha kijukwaa cha sentimita 15 hadi 30, la sivyo udongo unarudi shimoni na mvua ya kwanza. Maji yanayoteremka yanagota kwenye tuta, yanaacha udongo yaliyoubeba, na mwaka hadi mwaka kipande kilichoko juu ya tuta kinajisawazisha chenyewe mpaka kuwa ngazi. Hukati ngazi wewe. Mvua ndiyo inayokujengea.

Machakos ndiko ilikoshamiri. Historia ya huko inafaa kukumbukwa kila mara mtu anapotaka kuwalazimisha wakulima. Mwaka 1938 Wakamba walimfuata kiongozi wao Muindi Mbingu hadi Nairobi kupinga serikali ya kikoloni kuwapunguzia ng'ombe kwa jina la kuokoa ardhi. Mitaro ya kulazimishwa iliyofuata haikupendwa. Fanya juu ilipoanza kuenea katika miaka ya 1950 watu waliikubali kwa sababu waliona mahindi yanapata maji, na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vikachimba kilima baada ya kilima. Kuanzia 1974 Wizara ya Kilimo ya Kenya, ikisaidiwa na Sweden, iliisambaza nchi nzima, lakini Ukambani ilikuwa imeshakuwa mali ya wenyewe.

Gharama yake ni jasho. Chukua eka moja yenye mteremko wa asilimia 15. Kwa umbali wa mita 11.5 unahitaji kama mita 350 za mtaro, yaani mita za ujazo 126 za udongo wa kuchimba na kurusha juu. Kibarua mwenye nguvu akitoa mita za ujazo mbili kwa siku kwenye udongo laini, hizo ni siku 63 za mtu mmoja. Kwenye udongo wa changarawe, au mahali sururu inapogonga jiwe, ongeza. Ndiyo maana hii ni kazi ya kundi: mwethya kwa Wakamba, msaragambo kwa watu wa Usambara na Upare. Ukiigharimia kwa vibarua peke yako, fanya mstari mmoja au miwili kila kiangazi, ukianzia juu ya shamba kuteremka. Anayeanzia chini anaona maji ya juu yakija kuivunja kazi yake.

Ardhi nayo inaliwa. Mtaro, kijukwaa na tuta kwa pamoja ni karibu mita mbili, na kwa umbali wa mita 11.5 hiyo ni kama sehemu moja ya sita ya shamba. Wanaolia kwamba fanya juu imewapunguzia shamba wanasema kweli, kama wameacha tuta tupu. Tuta linapandwa majani ya tembo na mtaro unapandwa migomba au mipapai, na mgomba uliokaa ndani ya mtaro unaokusanya maji kiangazi huutambua ukiwa mbali.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa njia hii huwa hawalisemi. Ngazi inapojijenga, rutuba yote inahamia ukingo wa chini. Simama kwenye fanya juu ya miaka minne mitano wakati mahindi yamefika magotini: mistari iliyo karibu na tuta ni ya kijani kizito, majani mapana, ukipanda hatua chache kuelekea mtaro wa juu, mahindi yanafifia, yanakuwa ya njano na mafupi, kwa sababu hapo udongo wa juu umeshakwanguliwa na unalima ule mwekundu wa chini. Dawa ni kutosambaza samadi sawasawa. Peleka sehemu kubwa yake huko juu penye udhaifu, mwaka hadi mwaka, mpaka pakae sawa.

Na tuta linataka kuangaliwa. Udongo uliojaa mtaroni unatolewa na kurushwa tena juu kila baada ya mavuno. Fuko akitoboa handaki ndani ya tuta, maji yanapita hapo kama bomba, na tuta la juu likikatika, maji yake yote yanaangukia la pili, nalo linakatika. Korongo linaweza kuzaliwa usiku mmoja kwenye shamba lililokuwa na kinga, kwa sababu tu mstari haukupimwa vizuri ukaacha bonde dogo katikati. Kama juu ya shamba lako kuna barabara au kilima kitupu kinachomwaga maji, usichimbe fanya juu hata moja kabla ya kuweka mtaro wa kukinga maji hayo.

Fanya chini

Mtaro uleule, udongo unatupwa chini. Wengi huidharau kama fanya juu ya mvivu. Mimi naona inaonewa.

Kurusha udongo kuteremka ni kazi nyepesi mno kulinganisha na kuupandisha, na mama anayelima peke yake na jembe lake anaweza kuimaliza pale ambapo fanya juu ingemshinda katikati. Pia inavumilia mteremko mkali zaidi: fanya juu huanza kuleta matatizo mteremko ukipita asilimia 20, fanya chini hupelekwa hadi karibu 35. Hasara yake ni kwamba haijengi ngazi kwa haraka. Tuta liko chini ya mtaro, kwa hiyo udongo unaoteremka unaingia mtaroni badala ya kulala shambani, na usipouzoa ukaurudisha juu, baada ya mvua mbili tatu mtaro umejaa na maji yanapita juu yake.

Tofauti kubwa iko kwenye maji. Mahali pakavu unataka maji yabaki shambani, na hapo fanya juu inashinda bila ubishi. Mahali penye mvua nyingi, kama miteremko ya kahawa na migomba ya Kilimanjaro au Rungwe, tatizo lako ni maji kuzidi. Hapo mtaro unachimbwa kwa mwinamo mdogo, kama nusu mita kwa kila mita 100, uyapeleke maji polepole kwenye njia iliyoota nyasi. Fanya chini inaifanya kazi hiyo vizuri. Hiyo njia ya maji kubaliana na jirani kabla ya kuchimba, si baada ya maji yako kumfikia jikoni.

Wanaochanganya hufaidi zaidi: mstari wa juu kabisa fanya chini ya kukinga maji yanayotoka nje ya shamba, iliyobaki fanya juu.

Majani

Hapa huchimbi kitu. Unapima mistari ileile ya usawa, unapanda majani ya kudumu kwa upana wa nusu mita hadi mita moja, mistari miwili au mitatu iliyopishana. Maji hayazuiwi, yanapunguzwa mwendo, yanaachia udongo wake kwenye mashina, na nyuma ya majani kunaanza kujijenga kitu kinachofanana na ngazi. Inachukua muda mrefu kuliko fanya juu, lakini eka moja inaweza kupandwa na familia kwa siku chache mvua zikianza, na ardhi inayoliwa ni kidogo: kwa mteremko wa asilimia 15 ni kati ya sehemu moja ya 11 na moja ya 23.

Kilichoyapa majani nguvu Lushoto, kwenye milima ya Usambara, si udongo peke yake, ni ng'ombe. Mradi wa kuzuia mmomonyoko wa SECAP ulioanza huko miaka ya 1980 uliunganisha mistari ya majani ya Guatemala na ng'ombe wa kufungwa bandani. Mtu aliyekuwa anatembea mbali kutafuta majani ya ng'ombe akajikuta na sababu ya kuyatunza kwenye kila mstari, na samadi ikarudi shambani. Ukiwa na ng'ombe bandani, mstari wa majani unakulipa kila siku. Usipokuwa naye, ni rahisi kuuona kama ardhi iliyopotea, na jembe nalo lina tabia ya kumega: msimu huu kidole, msimu ujao shibiri, mpaka umebaki mstari wa shina mojamoja.

Aina ya majani si jambo dogo, na watu wengi hupanda tu wanachopewa na jirani.

Majani ya tembo, ambayo Wakenya huyaita napia, yanatoa chakula kingi cha ng'ombe kuliko mengine yote, ila ni malafi. Mstari wa kwanza wa mahindi pembeni yake utadumaa. Yana magonjwa pia: Magharibi mwa Kenya ugonjwa wa kudumaa umeyafyeka, na maeneo ya kati ya Kenya yamepata fugwe, ukungu mweusi unaovaa vichwa vya maua. Ukitafuta vipando maeneo hayo, uliza kama kuna Kakamega 1 au Kakamega 2, zilizotolewa kwa ajili ya kustahimili fugwe, na usikubali vipando vya shamba lenye majani ya njano yaliyosinyaa hata kama ni vya bure.

Guatemala si tajiri kwa chakula cha ng'ombe, lakini huvumilia udongo uliochoka na wenye tindikali, na hubaki kijani muda mrefu. Kwa Usambara nisingelibadilisha.

Vetiva ni jani la pekee. Mizizi yake inaenda chini wima, hadi kama mita tatu, kwa hiyo hainyang'anyi mahindi chakula kama ile ya majani ya tembo. Likikomaa ng'ombe hawalitaki. Kwa mwenye ng'ombe bandani hiyo ni kasoro. Kwa mwenye shamba kwenye kijiji ambacho mifugo inaachiwa baada ya mavuno, hiyo ndiyo sababu ya kulipanda. Panda mashina karibu karibu, sentimita 10 hadi 15, maana kinga ya vetiva iliyo na mapengo haikingi kitu.

Mapengo ndiyo ugonjwa wa njia hii nzima. Maji yakipata nafasi ya upana wa unyayo, yote yanakusanyika hapo, na mwaka wa pili kuna mfereji. Kuziba mapengo ni kazi ya msimu wa kwanza na wa pili, wakati ambao wengi wameshasahau kwamba walipanda majani.

Mifugo ya kuzurura inaua majani haraka kuliko ukame. Serikali ya Tanzania ilipoona makorongo ya Kondoa hayapoi, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, ilifikia kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979. Nyasi zilirudi, na wenye mifugo walilipia gharama kubwa. Sisemi kila kijiji kifanye hivyo. Nasema tu kwamba kama kijiji hakina makubaliano ya kuzuia mifugo baada ya mavuno, usitumie nguvu zako kwenye majani matamu.

Ngoro

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanalima miteremko ambayo kitabu chochote cha kilimo kingeandika "acha msitu", nao wameilima zaidi ya miaka 100. Wenyewe husimulia kwamba wazee wao walibanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, ikawabidi kuishi na ardhi hiyo.

Mwishoni mwa mvua nyasi zinafyekwa na kuachwa zikauke. Zinapangwa kwa mistari inayokatana, zifanye miraba ya kama mita mbili kila upande. Kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi, kwa hiyo mraba unabaki na shimo katikati na matuta pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata mvua zijazo, na magugu na mabaki ya mazao hutupwa mashimoni. Kwa kipimo hicho eka moja ina kama mashimo 1,000. Kila shimo linakamata maji yake, hakuna mtaro mrefu wa kukatika, na nyasi zilizofukiwa zinaoza chini ya mizizi ya maharage. Fanya juu inahitaji samadi kutoka nje. Ngoro inatengeneza mbolea yake hapohapo.

Kwa mteremko mkali kwa kazi ya jembe la mkono, sijaona njia nyingine ya kuishinda. Ila ina masharti mawili. La kwanza ni nyasi: shamba lazima lipumzike lioteshe nyasi za kutosha kufukia, na ardhi ikigawanywa kwa watoto na wajukuu, mapumziko yanafupishwa na tuta linakuwa la udongo mtupu. La pili ni mikono. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kufukia, na kuchimba ndiko kuzito. Baba anayesifia ngoro ahesabu kwanza nani atakayezichimba. Pia sahau maksai na trekta, haviingii.

Anayetaka kuijaribu nje ya Umatengo aanze na kipande kidogo mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa bado na unyevu, si kiangazi.

Ngazi za kukata mara moja

Hizi ni zile zinazochongwa kilima kizima kwa mkupuo. Waluguru walilazimishwa kuzichonga, na mwaka 1955 milima ya Uluguru ikalipuka kwa maandamano mpaka mpango ukavunjika. Siasa ya uhuru ilikuwamo, lakini malalamiko ya shambani nayo yalikuwa ya kweli: kazi ilikuwa ya kuua mtu, na udongo mwekundu wa chini uliopinduliwa juu haukuotesha kitu cha maana. Rwanda inazijenga kwa wingi siku hizi, lakini huko udongo wa juu unawekwa pembeni kwanza na kurudishwa, kisha samadi na chokaa vinafuata. Kwa mkulima asiye na vitu hivyo, jibu langu ni hapana.

Nchi kavu

Kwa Dodoma na kwingine kwenye mvua haba na mteremko mdogo, usihangaike na mitaro ya sentimita 60. Mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji kilicho karibu na Dodoma, yana upana wa kama sentimita 22 na kina cha 30, yanapangwa sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari, samadi na mabua yanatiwa ndani kabla ya mbegu. Unaweza kuyachimba kiangazi chote, kidogo kidogo, bila kundi.

Sasa chagua

Mteremko chini ya asilimia 10, una ng'ombe bandani: majani, na usimsikilize anayekusukuma kuchimba. Lima kwa kukata mteremko, maana maksai wakilima kwa kupanda na kushuka watakuwa wanayachorea maji njia, na majani hayataweza.

Mteremko wa 10 hadi 20, mvua za kubahatisha kama Ukambani au upande mkavu wa Upare, na mna kikundi: fanya juu, na majani ya tembo au vetiva juu ya tuta kabla mvua hazijaligusa. Tuta tupu la mwaka wa kwanza ndilo linalobomoka.

Mteremko uleule lakini huna mikono ya kutosha: panda majani sasa, kwa vipimo vya fanya juu. Miaka miwili mitatu baadaye ukipata nguvu, chimba mtaro chini ya mstari wa majani yaliyokwisha kushika. Wachache hulifikiria hili, na ndilo ningempa mtu asiyejua aanzie wapi. Hakuna kinachopotea.

Mvua nyingi, udongo mzito, mteremko wa 20 hadi 35: fanya chini yenye mwinamo, majani mgongoni mwake, na mazao ya kudumu kama kahawa na migomba badala ya mahindi. Kama udongo una tabia ya kuporomoka baada ya mvua za siku nyingi, usichimbe mtaro wa kutuamisha maji hata kidogo. Unakinywesha kilima maji yatakayokiteremsha.

Zaidi ya 35: ngoro kama unaijua na una nyasi. Kama huna, panda miti au majani ya ng'ombe kote, na mahindi uyatafutie mahali pengine. Mtu aliyerithi kipande kimoja tu hapendi kusikia hivi, naelewa. Basi gawa: nusu ya juu majani na miti, nusu ya chini chakula, kwa sababu ulinzi wa juu ndio unaoiokoa chini.

Halafu kuna aliyekodi. Wengi tunalima ardhi za watu, msimu hadi msimu, na siku 63 za kazi kwenye shamba ambalo mwakani linaweza kupewa mwingine ni zawadi kwa mwenye ardhi. Tumia mistari ya mabua: baada ya mavuno usichome, laza mabua na magugu kwa kufuata mistari ya usawa, yashikilie kwa vijiti. Yanaoza, ndiyo, lakini msimu mmoja yanakusaidia na hayakugharimu kitu. Ukitaka kupanda majani ya kudumu au miti, mwombe mwenye shamba kwanza, mbele ya shahidi ikiwezekana. Sehemu nyingi kupanda kitu cha kudumu kunahesabiwa kuwa ni kudai ardhi, na unaweza kufukuzwa kwa kosa la kulinda udongo wa mtu. Akikubali, mwombe na miaka: mkataba wa miaka mitano kwa kodi ileile, nawe unamwachia kinga iliyokamilika. Wenye ardhi wengi watakataa, lakini anayeishi mjini na anajua shamba lake linaisha mwaka hadi mwaka atakusikiliza.